Chimbeni Kwenu Kwanza

Kamene Musembi alikosea mbele ya watu, tena kwa kujiamini, na kosa lake likakaribia kuwapa wenye baruti ruhusa ya kulipua makaburi ya watu wengine. Tuanze hapo, tusizungukezunguke.

Alikuwa mwalimu wa hesabu katika chuo cha ufundi mjini Machakos, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake, asiyependa kuambiwa "tutaona". Chuo kilikuwa na rada ya ardhini, mashine ya magurudumu inayosukumwa kama wilbaro. Hutuma mawimbi chini ya udongo, mawimbi yanagonga kila yanachokutana nacho na kurudi, na kwenye kioo chake unaona mstari unaopanda na kushuka. Wengi huitumia kutafuta mabomba ya maji yaliyopotea. Kamene aliitumia kwa jambo ambalo wakuu wake waliliita mchezo: alitaka kuutambua udongo kwa mikunjo ya mstari ule.

Wazo lenyewe aliwafundisha wanafunzi wake kwa kutumia mbuzi. Mtu mzima akipanda vilima vya Iveti huruka vijibonde, na mwisho wa safari atakuambia njia si ndefu. Mbuzi akifuata njia hiyohiyo huingia kila kijibonde, na kwake njia ni ndefu zaidi. Siafu naye, ambaye kila kokoto kwake ni mlima, atakuambia njia haina mwisho. Kuna mistari isiyorefuka sana hata ukiipima kwa mguu wa siafu, na kuna mingine hurefuka bila haya. Kurefuka huko kunaweza kupewa namba, na hiyo ndiyo jiometri ya fraktali, hesabu ya vitu vyenye mikunjo ndani ya mikunjo. Udongo uliolala kama Mungu alivyoulaza hurudisha mstari wenye namba yake. Udongo uliochimbwa ukarudishwa, hata nyasi ziote juu yake miaka sitini, tabaka zake zilishachanganyika, na mstari wake una namba nyingine. Kamene aliiamini namba hiyo kuliko alivyowaamini watu wengi.

Sasa kule Lukenya kulikuwa na mteremko wa nyasi ambao kampuni moja ya kuchimba mawe iliutamani. Zamani, kabla ya uhuru, mteremko huo ulikuwa wa mlowezi mfugaji. Wachungaji wake Wakamba waliishi hapo na familia zao, wakazaa hapo, wakazika hapo. Mlowezi hakuwaruhusu kuweka msalaba wala jiwe juu ya kaburi, kwa sababu, alisema, ng'ombe watajikwaa. Ng'ombe! Baadaye ranchi ikauzwa, wachungaji wakafukuzwa, wakaenda kuanza upya Kathiani, Mitaboni na kwingineko. Wafu wao walibaki pale bila alama yoyote.

Kamati ilikuwa imeundwa kusikiliza mgogoro huo, na msimamo wake ulikuwa mfupi: pakipatikana makaburi, baruti haitaingia; yasipopatikana, kampuni ianze kazi kabla ya Krismasi. Familia zikaenda kwa Kamene kupitia kanisa lao, zikamwomba alete mashine yake. Aliyetangulia mbele alikuwa Mbithe, ajuza mwembamba aliyepita miaka themanini, ambaye binti yake wa kwanza alizikwa kwenye mteremko ule. Mbithe alikwenda naye hadi Lukenya, akasimama kwenye nyasi, akakita bakora yake chini na kusema ni hapa. Kamene akaisukuma mashine juu ya mahali pale na mteremko mzima.

Kisha akasimama mbele ya kamati na kusema hakuna kitu.

Alisema kwa upole, kwa kuwa alimhurumia bibi, lakini alisema bila kusita. Namba zote zilikuwa upande wa udongo usioguswa. Injinia Kilonzo, mtu wa kampuni, ambaye ndiye aliyemfundisha Kamene hesabu chuo kikuu, alipiga makofi na kuwaambia waliokuwepo kwamba huyu ni mwanafunzi wake. Mbithe hakulia wala kugomba. Alimngoja Kamene mlangoni, akamwambia kwamba mashine imesema na yeye ameisikia, ila aliyembeba mtoto yule kwenye nguo hadi pale hakuwa mashine. Halafu akaenda zake. Kamene alirudi nyumbani akiwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani.

Jumamosi iliyofuata alikuwa Mitaboni kwa mama yake, Mueni. Mvua zilikuwa zinakaribia na zamu ya mwethya ilikuwa imefika kwao. Mwethya ni kikundi cha kazi: leo wote kwako, kesho wote kwangu, na asiyekuja atajulikana. Kazi ilikuwa kuzibua mitaro ya fanya juu. Unachimba mtaro kukingama mteremko, udongo unautupa upande wa juu, unakuwa tuta, na tuta linashika maji na rutuba isishuke mtoni. Kamene alishika jembe pamoja na wanawake wengine, na walimtania kwamba mikono ya chaki haijui mpini. Akacheka. Akachota udongo, akautupa juu. Akachota tena. Mkono wake ukasimama hewani.

Mifano yake ya "udongo usioguswa", ile aliyoifundishia kompyuta yake, aliichukua hapa. Alikuwa ameisukuma rada kwenye shamba hili la mama yake, kwa sababu alizaliwa hapa na hajawahi kuona kaburi wala shimo. Na shamba hili lote, kutoka barabarani hadi mtoni, lilikuwa limepinduliwa na mikono ya wanawake. Mama yake alilipindua. Bibi yake alilipindua kabla yake. Mgeni angeuliza matuta haya yalitoka wapi. Mtoto wa Mitaboni hawezi kuuliza, maana kwake matuta ni sehemu ya kilima, yalikuwepo alipofungua macho. Kamene alikuwa ameifundisha mashine kwamba udongo uliochimbwa haujachimbwa, na mashine, tofauti na wanafunzi wengine, ilikuwa imeshika somo barabara.

Aliliweka jembe chini akaondoka bila kuaga. Wanawake wakamwambia Mueni kwamba msomi wake amekimbia kazi, na Mueni akajibu kwamba hata yeye ameona.

Alihitaji udongo ambao kweli haukuwahi kuguswa, na katika nchi ya Ukambani yenye watu wachapakazi namna hii, hilo si jambo rahisi. Akaupata upande wa pili wa vilima vya Lukenya, kwenye malisho ambayo Abdisamad Gelle, mfanyabiashara wa mifugo wa Athi River, alikuwa ameyakodi. Pale hapakuwahi kulimwa, palikuwa pa ng'ombe na swala tangu dunia iumbwe. Gelle alimuuliza kama mashine itawatisha fahali wake, akaridhika na jibu, akamruhusu. Kamene akapima. Namba za malisho yale zilikuwa mbali kabisa na za shamba la mama yake, na alipoziona alikaa chini kwenye nyasi akajitukana kwa Kikamba.

Akaanza upya. Safari hii aliifundisha kompyuta aina tatu: udongo usioguswa, udongo wa matuta, na udongo wa kaburi, huo wa mwisho akiupata kwenye makaburi ya kanisa ambayo umri wake ulijulikana. Akarudi kwenye mistari ileile ya mteremko wa Lukenya. Makaburi yakajitokeza moja baada ya jingine. Moja, dogo kuliko yote, lilikuwa palepale Mbithe alipokita bakora.

Maji yakimwagika hayazoleki, wenzake chuoni walimwambia. Kamati imeshasikia, achana nayo, utajiaibisha. Mkuu wa idara alimkumbusha kwamba mashine ni ya chuo. Kamene aliwaambia kwamba aibu ameshaipata, iliyobaki ni kazi. Akaomba kikao kingine, akakataliwa. Akaomba tena, na Mbithe na watu wa familia zile wakaenda kuketi kwenye veranda ya ofisi ya mwenyekiti na chakula chao, kila asubuhi, hadi mwenyekiti akachoka kuwapita mlangoni.

Mwenyekiti huyo alikuwa Bwana Muthoka, mstaafu wa serikali, si mtu mbaya, ila alipenda jambo liwe na muhuri kabla ya kuliamini. Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Kamene alisimama akaanza na neno ambalo Kilonzo hakulitarajia.

"Nilikosea," alisema. "Nilichukua udongo wa kwetu nikauita haujaguswa. Udongo wa kwetu umeguswa na mama zetu wote. Nimerekebisha. Makaburi yapo."

Kilonzo alisimama taratibu. Alikuwa mtu mrefu, mtanashati, na ubaya wake ni kwamba alijua kuchekesha. Alisema mwezi uliopita namba za madam zilisema hapana, leo zinasema ndiyo, basi kamati ingoje mwezi ujao isikie zitakavyosema. Watu wakacheka, hata wengine wa upande wa familia. Akaongeza kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, na kwamba yeye mwenyewe alimfundisha msichana huyu kuwa hesabu ikikupa majibu mawili basi huna jibu.  Kamene angemwambia mengi, lakini kweli alikuwa ametoa majibu mawili.

Ndipo Muthoka akatoa suluhisho lake, na alilitoa akiamini ni la haki. Pachimbwe mahali pamoja tu. Pachimbwe pale bibi anapopajua. Wakipata kitu, mambo yamekwisha. Wasipopata, pia yamekwisha.

Moyo wa Kamene uliruka. Tuseme ukweli wake, ulifurahi. Alijua wangepata. Alijua Kilonzo angenyamaza, na wakuu wake wa chuo wangenyamaza, na namba yake ingesimama mbele ya ulimwengu ikiwa imenyooka. Akageuka kumtazama Mbithe, akitaka kumpa ishara akubali, na alipouona uso wa bibi furaha ile ikamtoka na aibu ikaingia mahali pake.

Mbithe alisimama bila bakora.

"Mtoto wangu alikufa siku ya pili," alisema. "Hakuwa amepewa jina. Zamani kwetu mtoto asiye na jina bado si mtu, ni wa kule alikotoka. Wanawake wanamzika, hakuna matanga, na mama yake hamtaji tena. Hata bwanangu sikumtajia. Nimenyamaza tangu wakati wa wazungu mpaka hii baruti yenu. Sasa nimemtaja, mnaniambia nimtoe mniamini."

Muthoka alianza kusema kwamba ingefanyika kwa heshima. Bibi hakumngoja amalize.

"Nilimzika mara moja. Wewe mwenyekiti uko na wazazi wamelala mahali. Injinia pia ako na wake. Hakuna mtu amewaambia mlete jembe ndio mwaminiwe. Chimbeni kwenu kwanza. Mkimaliza, mkuje tuongee."

 Kamene naye, kabla hajafikiri vizuri, alijikuta amesimama kando yake. Alisema bibi amekataa, na yeye amekataa pamoja naye. Kama ni mashine isiyoaminika, basi ijaribiwe penginepo: wampeleke kwenye ardhi yoyote ambayo wao wanajua kilicho chini yake na yeye hajui. Atatia kigingi kila mahali mashine itakaposema palichimbwa shimo likafukiwa, na jembe lipite hapo. Akikosa mara moja tu, walipue.

Kilonzo alitabasamu, na tabasamu lake lilikuwa la mtu aliyefunguliwa mlango. Alisema vizuri sana, waende kwake Kangundo, kwenye shamba la marehemu baba yake. Bibi amesema wachimbe kwao kwanza, yeye hana neno, atachimba kwao. Hata mtu asiyejua hesabu angeona mtego. Kangundo ni matuta matupu, ya kahawa, yamechimbwa na kuchimbuliwa tangu ukoloni. Ni udongo uleule uliomdanganya Kamene mara ya kwanza. Muthoka akapanga siku.

Nje ya kanisa, Mbithe alimshika Kamene mkono.

"Umeweka mtoto wangu rehani."

"Ndiyo, susu," Kamene alisema, akimwita bibi kwa Kikamba.

"Basi usikosee."

Siku yenyewe Kangundo palikuwa na jua na ubaridi pamoja. Nyumba ya akina Kilonzo ilisimama juu ya mteremko, kahawa ikishuka tuta kwa tuta hadi bondeni, na kaburi la baba lenye vigae likiwa karibu na lango, safi, limepandiwa maua. Mama yake Kilonzo, Nzilani, aliwakaribisha kwa chai na viazi vitamu. Alikuwa mjane mnyamavu wa umri wa Mbithe au karibu yake, na alimpa Mbithe kiti cha mgongo, mwenyewe akakaa kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, akaendelea kuchambua maharagwe. Hakuna aliyemweleza vizuri watu hawa wamekuja kupima nini. Kilonzo alimwambia ni mambo ya kazi.

Alikuwa amewaita vibarua wawili wenye majembe. Akamwonyesha Kamene mipaka ya shamba na kumwambia kwa sauti ya kusikika kwamba yeye alizaliwa hapa, kila shimo la shamba hili analijua, na mengine aliyachimba mwenyewe. Kamene akawasha mashine.

Alianza juu, akashuka na tuta la kwanza, akarudi na la pili. Kompyuta ikawa inasema matuta, matuta, matuta. Kilonzo alikuwa anangoja vigingi vichomwe kama miiba, na havikuchomwa. Tabasamu likapungua kidogo. Karibu na migomba mstari ukabadilika, namba ikapanda, na Kamene akatia kigingi na kusema hapa pana shimo refu lililofukiwa. Vibarua wakachimba. Wakapata vigae vya chungu, chupa, na mfuniko wa sufuria ulioliwa na kutu. Kilonzo akakubali, tena kwa uungwana, kwamba kilikuwa choo cha zamani kilichofukiwa yeye akiwa mtoto wa shule. Muthoka akaandika. 

Wakaenda hivyo hadi adhuhuri ikapita. Ulibaki ukanda mmoja, ule wa karibu na jikoni, ambapo mistari ya kahawa ilikatika ikaacha uwazi mdogo wenye nyasi fupi. Kamene aliuvuka. Mstari ukatikisika kwenye kioo. Akarudi nyuma, akauvuka tena kutoka upande wa pili, polepole. Akauvuka kukingama. Namba ilikuwa ileile kila mara, wala haikuwa ya tuta wala ya choo. Na ukubwa wake aliufahamu. Alikuwa ameuona kule Lukenya, mahali bakora ilipokitwa.

Akili yake ilimwambia apite. Kilonzo alisema anajua kila shimo, na hili hakulitaja. Kama Kilonzo yuko sahihi, kigingi hiki kitakuwa kosa moja, na kosa moja lilitosha kulipua mteremko mzima. Kama Kilonzo amekosea, basi Kamene alikuwa amesimama juu ya kitu ambacho mtu mwingine amekificha, na hakuna aliyemtuma kukifichua. Akipita atashinda: choo kimepatikana, matuta hayakumdanganya, jaribio limekwisha. Alisimama pale hadi Muthoka akamuuliza kama mashine imeharibika.

Lakini aliwahi kutamka "hakuna kitu" juu ya mtoto wa watu mara moja, na hakuwa tayari kulitamka tena. Akatia kigingi.

"Hapa pana kitu," alisema. "Ni kidogo. Ni cha zamani. Naomba pasichimbwe."

Kilonzo alicheka kwa nguvu, na safari hii kicheko chake kilikuwa cha kutua mzigo. Akawaita watu wote waje karibu. Hapa hakuna kitu, alisema, hapa ni mlangoni kwetu, hapa amecheza maisha yake yote. Na aliyetaka kila kigingi kipitiwe na jembe ni madam mwenyewe, sasa mbona anaomba? Vibarua wakasita, kwa kuwa walimsikia madam akiomba. Kilonzo akavua koti, akamnyang'anya mmoja jembe, akalitupa begani, akasema atawaonyesha mwenyewe. Akaliinua.

"Kilonzo. Weka jembe chini."

Mama yake alikuwa ameinuka kwenye kigoda, na maharagwe yalikuwa yamemwagika miguuni pake.

"Mwaitu, hakuna kitu hapa. Nataka tu hawa watu waone."

"Kuna dada yako."

Jembe lilibaki juu. Nzilani alitembea polepole hadi penye kigingi akasimama mbele ya mwanawe, karibu sana, hivi kwamba asingeweza kulishusha bila kumgusa. Hakupandisha sauti. Alimwambia mtoto huyo alikuwa wa kwanza, kabla yake, na hakufika siku ya kupewa jina. Mama mkwe wake ndiye aliyemzika, hapo, karibu na moto, ili asipate baridi. Baba yake Kilonzo alitaka kupanda kahawa hadi mlangoni, na yeye kila mara aliing'oa miche ya mahali hapa ikiwa bado midogo, akasema ni mchwa. Mzee alikufa akiamini ni mchwa.

 Kamene alikuwa amengoja siku ya kuwa sahihi mbele ya mwalimu wake, na sasa imefika, na alichohisi ni hasira: hasira kwa ajili ya akina mama hawa wawili, mmoja wa nyumba ya vigae na mwingine aliyefukuzwa ranchi, walioambiwa wasimtaje mtoto na wote wakatii. Alitamani kumpiga mtu, na hakukuwa na wa kupigwa.

Muthoka alikohoa. Alikuwa na kalamu mkononi, na mazoea hayamwachi mtu kwa siku moja. Akamuuliza Nzilani, kwa heshima zote, kama yuko mtu mwingine awezaye kuthibitisha jambo hili, kwa ajili ya kumbukumbu ya kamati.

"Walionisaidia wamekufa," Nzilani alisema. "Nimebaki mimi. Unataka nini ingine?"

"Atataka jembe."

Aliyesema ni Mbithe. Alikuwa ameacha kiti cha mgongo na kuja hadi penye kigingi, na sasa alisimama bega kwa bega na mwenye nyumba, wakimtazama mwenyekiti pamoja.

"Mimi nikisema, ulitaka jembe," alimwambia Muthoka. "Huyu ni mama ya injinia, na amesema maneno yaleyale yangu. Mwambie yeye pia achimbiwe msichana wake. Jembe hilo hapo, kijana yake amelibeba."

 Muthoka alimtazama Nzilani, akamtazama Mbithe, akatafuta tofauti kati ya ushahidi wa huyu na wa yule, na kila mtu pale alimwona akiitafuta na kuikosa.

Kilonzo alilishusha jembe kwa mikono miwili, akalilaza kwenye nyasi mbali na kigingi. Alikuwa amezeeka. Alimuuliza mama yake jambo kwa sauti ya chini, kwa Kikamba, na mama yake akatikisa kichwa, akamwambia watayaongea wageni wakiondoka.  Kisha Kilonzo akamgeukia Muthoka.

"Andika mashine haikukosea," alisema. "Na uandike Lukenya hapalipuliwi. Nitawaambia kampuni mwenyewe."

Muthoka alianza kuandika, harakaharaka, kama mtu aliyepewa ruhusa ya kupumua. Kamene alizima rada yake. Mbithe alimngoja mwenyekiti afike mwisho wa mstari, akaugusa ukingo wa karatasi yake kwa kidole.

"Andika pia nilisema kabla ya mashine."

Muthoka akamtazama Kamene, labda akitumaini atapinga. Kamene akamwambia aandike hivyohivyo, tena aanze na hilo. Akafungua ukurasa mwingine, akaandika.